Miaka Saba ya Sista Perez

Benta alifika kwa Sista Perez Jumatatu asubuhi, wiki mbili baada ya kumzika mumewe. Mkononi alikuwa na bahasha iliyokwisha kufunguliwa na kufungwa mara nyingi hata gundi yake ikakosa nguvu.

"Nisomee hii," alisema. "Kizungu chake kimenishinda. Nilimpelekea katibu wa kanisa, akasoma, akanyamaza, akasema niilete kwako."

Perez alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba yake mpya akichambua maharagwe. Aliweka ungo chini, akavaa miwani. Barua ilitoka kwa kampuni moja ya bima mjini Kisumu. Iliwapa pole jamaa za marehemu Mwalimu Obonyo, kisha ikaomba nakala ya kibali cha mazishi ili malipo ya bima ya maisha yake yakamilishwe. Kiasi kilikuwa shilingi milioni moja na laki nane. Atakayelipwa alikuwa Zadock Okinyi, wa Kondele.

Aliisoma hadi mwisho, akarudi juu akaisoma tena.

"Mwalimu alikuwa na bima?" aliuliza.

"Bima gani? Redio yake ilipoharibika alikaa mwaka mzima bila redio."

"Hapa wanasema alikatiwa bima ya maisha. Na pesa si zako, Benta. Ni za Okinyi."

Benta alimtazama kama mtu anayengoja sentensi iishe. "Okinyi ndiye aliyenunua jeneza," alisema. "Na mahema ya wageni. Nilimshukuru mbele ya watu wote."

Perez alivua miwani. Zadock Okinyi ndiye aliyenunua pensheni ya Mwalimu Obonyo, na ndiye aliyenunua yake pia. Walitia sahihi wiki moja, kwenye meza moja.

Perez Achola alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini na mitatu, mingi kati ya hiyo katika wodi ya akina mama mjini Kisumu. Alipostaafu alirudi Asembo Bay, kwenye nyumba ambayo marehemu mumewe alikuwa ameijenga karibu na maji, na watu wakaendelea kumwita Sista. Kisha ukaja mwaka ule wa mvua nyingi, ziwa likapanda. Lilianza na shamba la mboga, likafuata choo, halafu likaingia sebuleni likakaa humo kama mwenye nyumba. Kiboko alikuwa akilala pale Perez alipokuwa akianika nguo. Perez aliishi katika darasa la shule pamoja na familia nyingine nane zilizokimbia maji, halafu akapanga chumba cha mabati mtaani Kondele, mjini Kisumu, ambako kila mtu aliyepita kwenye ujia aliweza kumsikia akikohoa.

Pensheni ilitosha kodi na unga. Kujenga haikutosha, na benki zilimwambia umri wake umepita wa kupewa mkopo. Siku moja, kwenye foleni ya benki, Mwalimu Obonyo alimnong'oneza kuwa kuna mtu anayenunua pensheni. "Unamwachia miaka saba, anakupa pesa leo. Si mkopo, Sista. Hakuna atakayekuja kukudai."

Okinyi alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole wa maneno, shati lake limefungwa kifungo hadi shingoni. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Alimwita Mama, akamvutia kiti, akamweleza bila haraka: pensheni ya shilingi elfu ishirini na tatu kila mwezi kwa miaka saba, na yeye atampa laki sita na nusu siku hiyo hiyo. Perez alipiga hesabu kichwani, akaona kwamba anapewa theluthi moja ya pesa zake. Alijua pia kwamba ana miaka sitini na miwili na hana mlango wake mwenyewe wa kufunga. Akaacha pale kadi yake ya benki na namba ya siri. Mtu aliyevaa koti jeupe alimpima presha, akaandika kitu bila kumwambia ni ngapi. Akatia sahihi karatasi kumi na moja. Hakumwambia binti yake, Winny, aliyekuwa akifundisha Kitale, kwa sababu alijua vizuri Winny angesema nini.

Nyumba aliijenga juu ya kilima, mbali na maji. Vyumba vitatu vya matofali, mabati ya kijani, mlango wa chuma. Alipanda sukuma na maharagwe, akafuga kuku, na Winny akawa anamtumia kidogo. Maisha yalikwenda. Okinyi mwenyewe alikuwa akija kumtembelea kila mwezi na samaki au sukari, anauliza amelalaje, anakulaje, kifua kikoje. Perez aliwahi kuwaambia akina mama wa kanisa kwamba mtu wa kununua pensheni anamjali kuliko ndugu zake wa damu. Hayo yote yalianza miaka miwili iliyopita.

"Hebu nieleze tena siku aliyopotea Mwalimu," alimwambia Benta sasa.

Benta aliketi kwenye ngazi. Alikwisha kuieleza siku hiyo kwa watu wengi, na maneno yalitoka yamepangika. Ilikuwa Alhamisi. Okinyi alikuwa amempigia Mwalimu simu juu ya fomu ya uhai, ile karatasi ya kuonyesha serikali kwamba mstaafu bado yupo. Kuna wakili kule Mbita, ng'ambo ya maji, alisema, anayepiga muhuri bila usumbufu. Wakutane Luanda Kotieno wavuke na feri. Mwalimu aliondoka na koti lake la kanisani. Kwenye matanga Okinyi alisema alimngoja ufuoni hadi feri ikaondoka, hakumwona. Ijumaa wavuvi walimkuta kwenye magugu maji nyuma ya banda la samaki, viatu miguuni, miwani mfukoni.

"Na wewe unajua," Benta alisema, "Mwalimu hakuwa mtu wa kukaribia maji. Hata mashua ikiwa imefungwa, yeye alikuwa anapita mbali."

"Polisi walisema nini?"

"Walisema mzee ameteleza."

Perez aliingia ndani. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku, na ndani yake nakala za karatasi alizotia sahihi. Siku ile hakuzisoma zote. Alisoma ya kwanza na ya mwisho, pale penye kiasi cha pesa. Sasa alizipekua moja moja juu ya kitanda. Ilikuwa ya tisa. Bima ya maisha ya Perez Achola, shilingi milioni mbili. Mlipwaji, Zadock Okinyi. Na chini, kwa mwandiko wa yule mtu wa koti jeupe: Magonjwa ya kudumu, hakuna. Presha, ya kawaida.

Alikaa kitandani. Akiishi, Okinyi atakusanya pesa zake kidogo kidogo kwa miaka mitano mingine. Akifa, atapata milioni mbili mara moja. Kwa Mwalimu Obonyo hesabu ilikuwa hiyo hiyo. Aliirudia kichwani akitafuta mahali alipokosea, hakupaona.

Alipotoka nje Benta alikuwa amesimama. "Nini, Sista?"

"Hata mimi," Perez alisema. "Hata mimi amenikatia."

*

Simu ya Okinyi iliingia kesho yake, saa nne asubuhi. Perez aliiangalia ikiita hadi ikakaribia kukatika, ndipo akapokea.

"Mama, habari ya huko? Umelalaje?"

"Nimelala vizuri."

"Sasa, ile fomu ya uhai yako imefika wakati. Mwaka huu nataka tusisumbuke na foleni za mjini. Kuna wakili wangu kule Mbita. Ijumaa nitakuja na gari, tushuke Luanda Kotieno, tuvuke na feri, jioni uko kwako."

Perez alishika ukuta. Aliona ukucha wake wa kidole gumba umekuwa mweupe kwa kukandamiza matofali, akauangalia huo ukucha ili sauti yake isitetemeke.

"Ijumaa kuna kikao cha kanisa," alisema.

"Kikao si kitakungoja? Fomu ikichelewa watafunga pensheni, Mama. Tutaumia wote wawili."

"Basi Ijumaa."

"Asante. Kula vizuri. Usifanye kazi nyingi kwa jua."

Siku hiyo hakwenda shambani. Alikaa ndani, mlango umefungwa kwa komeo, akisikiliza pikipiki zikipanda kilima. Kila moja ilipopunguza mwendo karibu na mti wake wa mpapai, alilishika komeo hadi ipite. Katika maisha yake alikuwa ameona watu wakifa kwa kila namna, na aliamini kwamba kifo hakimtishi. Kumbe alichozoea kilikuwa kifo kisichomjua mtu kwa jina. Hiki kilikuwa na namba yake ya simu.

Jumatano Okinyi akaja bila kuitwa. Perez alimwona kutoka dirishani akifungua lango, mkononi mfuko wa plastiki. Hakukuwa na njia ya kujifanya hayupo, maana redio ilikuwa ikisema. Akafungua.

"Nilikuwa napita kwenda Bondo," Okinyi alisema. "Nikaona nisipite hivi hivi. Ngege wawili hawa, wametoka majini asubuhi."

"Ero kamano," Perez alishukuru. Mfuko ulikuwa wa baridi na mzito.

Okinyi hakuingia. Alisimama mlangoni akitazama nyumba, dari, dirisha, kama mtu anayeangalia kazi ya fundi. Kisha akamtazama yeye. "Umepungua, Mama. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Ukiumwa niambie mimi kwanza. Hospitali zinachelewesha watu."

Alipoondoka Perez aliwafukia wale samaki nyuma ya choo, shimo lenye kina cha mkono mmoja. Akaosha mikono kwa sabuni mara tatu, kama alivyofundishwa kuosha kabla ya upasuaji. Mchana paka wa jirani aliwafukua na kuwala, kichwa hadi mkia. Perez alimchunga jioni yote. Asubuhi paka alikuwa juu ya ukuta akijilamba, mzima kabisa. Hilo halikumpa Perez raha. Alitamani jambo moja tu lionekane wazi, hata liwe baya.

Mchana huo huo wa Jumatano alikuwa ameteremka hadi kituo cha polisi. Askari wa zamu alikuwa kijana mwenye adabu. Alimpa kiti, akafungua kitabu.

"Huyu Okinyi amekutisha, Mama?"

"Hapana."

"Amekupiga? Amekutumia ujumbe mbaya?"

"Ananiletea samaki."

Askari aliacha kuandika. Hakucheka, ingawa Perez aliona kwamba kicheko kilikuwa karibu. Alimsikiliza hadi mwisho, habari ya bima, ya Mwalimu, ya fomu, ya Mbita. Alisema kwamba kifo cha Mwalimu kiliandikwa kuwa ajali, na kwamba mtu kukatiwa bima si kosa ikiwa alitia sahihi mwenyewe. "Ulitia sahihi, Mama?"

"Nilitia."

"Basi usiende Mbita," askari alisema. "Kataa tu."

Perez aliondoka akijua kwamba kukataa si dawa. Akikataa Mbita, kuna barabara. Kuna nyumba yake mwenyewe, yenye mlango mmoja. Miaka mitano ni siku nyingi, na mtu anayengoja milioni mbili anahitaji siku moja tu.

*

Alfajiri ya Alhamisi alimeza kidonge chake cha presha, kama alivyokuwa akimeza kila alfajiri kwa miaka kumi na mmoja, akaichukua tena karatasi ya tisa. Macho yake yalirudi kwenye ule mwandiko. Presha, ya kawaida. Hasira ilimpanda, hasira ya kikazi. Katika miaka thelathini na mitatu hakuwahi kuandika presha ambayo hakuipima, wala kubadili iliyosomwa na mashine. Aliwahi kumfukuza mwanafunzi wodini kwa jambo hilo hilo.

Hapo ndipo alipoiona njia. Fomu ilikuwa ya uongo. Kampuni ikijua kwamba fomu ni ya uongo, haitalipa.

Alitoa kitabu chake cha kliniki, chenye kila kipimo tangu mwanzo, akakitia mkobani pamoja na karatasi zote kumi na moja. Akampitia Benta. "Lete ile barua," alimwambia. "Tunaenda Kisumu."

Ofisi ya kampuni ya bima ilikuwa na mlango wa kioo na mlinzi aliyetaka kujua wana miadi na nani. Walingoja hadi saa saba. Hatimaye waliingizwa kwa msimamizi wa malipo, mwanamke wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, jina lake Prerna, nywele zimeanza mvi. Aliwasalimia kwa Kijaluo, akahamia Kiswahili.

Perez aliweka kitabu cha kliniki mezani. "Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimekuja kusema kwamba mna bima ya maisha yangu, na mliyoandikiwa kunihusu si kweli. Nina presha tangu miaka kumi na mmoja iliyopita. Hiki hapa kila kipimo. Fomu yenu inasema sina."

Prerna alifungua kompyuta, akasoma, akafungua kitabu, akasoma. Aliendelea hivyo kwa muda. "Nani alijaza fomu?"

"Mtu wa Okinyi. Mimi sikuulizwa."

"Mama, unaelewa ninachotakiwa kufanya nikipata habari hii? Lazima niifute bima. Ukifa kesho, hakuna atakayelipwa hata senti moja."

"Ndiyo hiyo ninayoitaka."

Prerna alimtazama juu ya miwani. Watu huja pale kuomba walipwe. Huyu alikuwa amekuja kuomba asilipiwe. Perez akamgeukia Benta, na Benta akaitoa bahasha. Akasimulia yeye mwenyewe, bila kulia, koti la kanisani, feri, magugu, miwani mfukoni. Alipomaliza, Prerna aliinuka akafunga mlango.

"Mwalimu alikuwa na ugonjwa wowote?" aliuliza.

"Sukari," Benta alisema. "Miaka mingi."

Prerna alipekua kwenye kompyuta. Hakusema alichokiona, lakini aliandika kitu kwenye karatasi na kukipigia mstari. "Malipo haya hayajatoka," alisema. "Hayatatoka wiki hii. Nitawapa wachunguzi wetu."

Kisha akamuuliza Perez juu ya pensheni yenyewe, akashika kichwa. "Mama, sheria hairuhusu mtu kuuza pensheni. Hii karatasi ya miaka saba, sidhani kama hakimu angeitazama mara mbili. Nenda benki leo hii, ufunge kadi. Pesa zako zirudi."

Benki ilikuwa ng'ambo ya barabara. Perez alitoka, akiwa na barua yenye muhuri inayosema kwamba bima imefutwa, akasimama ukingoni mwa barabara Benta akiwa kando yake. Magari yalikatika, njia ikawa wazi. Hakuvuka.

"Twende," Benta alisema. "Si ameshasema ni haki yako?"

"Nikifunga kadi," Perez alisema polepole, "atapata faida gani nikiwa hai? Sasa hivi nikiwa mzima anapata elfu ishirini na tatu kila mwezi. Nikifa hapati kitu. Acha iwe hivyo. Acha aombe niishi."

Benta alifikiri. "Utamlisha mpaka lini?"

"Sijui. Mpaka niache kuogopa."

Walirudi Asembo bila kuingia benki.

*

Ijumaa Okinyi alifika saa mbili, na gari jeupe lililooshwa. Perez alikuwa kibarazani. Benta alikuwa kwenye mkeka akipukuchua mahindi, na pamoja naye akina mama wawili wa kanisa walioitwa kuja kusaidia, bila kuambiwa sababu.

Okinyi alisalimia wote. Alipomwona Benta alishika kofia yake kifuani. "Mama, pole tena."

"Asante," Benta alisema, bila kuacha mahindi.

"Uko tayari, Sista? Feri haingoji."

Perez alimpa ile barua. Okinyi aliisoma akiwa amesimama. Kisha akakaa kwenye ngazi, akasoma tena, na Perez akaona jasho likitoka taratibu chini ya ile kola iliyofungwa.

"Umefanya nini, Sista?" alisema kwa sauti ya chini.

"Nimewaambia nina presha."

"Ungeniambia mimi."

"Hukuniuliza."

Alitazama chini, mbali, ambako ziwa lilionekana kati ya miti. "Wewe unafikiri mimi ni mtu wa namna gani?"

"Sijui," Perez alisema. "Kama ningejua, nisingeenda Kisumu."

Punje za mahindi zilikuwa zikianguka kwenye karai. Okinyi aliomba maji, akaletewa, akanywa nusu. "Bima ilikuwa ya kunilinda mimi," alisema. "Wazee wanakufa. Nimepoteza pesa kwa watu waliokufa miezi mitatu tu baada ya kutia sahihi. Hata Mwalimu, alikuwa na kizunguzungu, kila mtu anajua."

"Hakuwa na kizunguzungu," Benta alisema.

Okinyi hakumgeukia. Aliikunja barua, akamrudishia Perez, akainuka akipangusa suruali. Akatembea hadi kwenye gari. Alikuwa amekwisha kufungua mlango Perez alipomwita.

"Na ile fomu ya Mbita?"

Okinyi alisita mkono ukiwa juu ya mlango. "Mbita hakuna haja tena," alisema. "Chifu wa hapa atapiga muhuri."

Gari liliteremka kilima. Mmoja wa akina mama wa kanisa aliuliza huyo mtu mbona ameondoka bila chai. Benta aliendelea kupukuchua, lakini machozi yalikuwa yakimtiririka sasa, yakiangukia kwenye mahindi. Perez alirudi ndani, akajifungia chumbani, akatapika kwenye beseni.

*

Mambo yaliyofuata hayakuja kwa mpangilio. Wachunguzi wa bima walifika kwa Benta mara mbili, na maafisa wa upelelezi mara moja. Walipiga picha banda la samaki la Luanda Kotieno na kuwauliza wauza samaki maswali ambayo majibu yake miezi ilikuwa imekwisha kuyafuta. Mwuza tiketi mmoja alisema alimwona mzee mwenye koti akiongea na mtu asubuhi ile. Alipoulizwa mtu gani, alisema mtu tu. Malipo ya milioni moja na laki nane hayakutolewa. Hakuna aliyeshtakiwa.

Benta alihamia kwa Perez, akachukua chumba cha mbele. Hawakuongea sana juu ya jambo lile. Mmoja akienda sokoni mwenzake alikuwa akisimama langoni hadi aone kitambaa chake cha kichwa kikipotea kwenye kona, na jioni walihesabu vyombo, kuku, na nafsi zao mbili.

Kila tarehe tatu simu ya Perez ilikuwa ikilia kwa ujumbe wa benki kwamba pesa zimetolewa kwa kadi yake, mashine ya Kondele. Mtu mwingine angeumia. Yeye alipumua. Ilikuwa kama kupokea habari kwamba mwezi huu pia ana thamani akiwa hai. Aliionea haya faraja hiyo, na hakumwambia mtu.

Mwezi wa kumi tarehe tatu ilifika, ujumbe haukuja. Wala tarehe nne. Wala kumi. Benta alisema huenda mashine imeharibika. Perez aliacha kula. Ikiwa Okinyi hazitaki tena pesa zile, basi anataka nini? Alihamisha kitanda mbali na dirisha. Tarehe kumi na nne alimpigia Winny Kitale, akamweleza kila kitu tangu ile foleni ya benki, kwa sauti moja, bila kupumzika.

Perez alingoja kelele alizoziogopa miaka yote ile.

"Nakuja kesho, Mama," Winny alisema. "Usifungulie mtu."

Walikwenda Kondele pamoja, wote watatu. Duka la viatu lilikuwepo. Ghorofani mlango ulikuwa na kufuli, na kando yake wazee wanane au tisa walikuwa wamekaa kwenye ngazi, wengine na fimbo, wengine na bahasha. Mwenye duka alisema Okinyi alihamisha meza mchana kweupe, wiki tatu zilizopita; huyu anasema amekwenda Busia, yule anasema Uganda, mwingine anasema alikuwa na wakubwa wake aliowaogopa kuliko polisi. Mzee mmoja alimuuliza Perez kama yeye ni wa ofisi. Perez alikaa naye kwenye ngazi, akamwambia atafute karatasi ya tisa.

Benki hawakuchukua hata nusu saa. Kadi ya zamani ilifungwa, mpya ikatolewa. Winny aligeuza uso mama yake alipochagua namba ya siri. Kwenye salio kulikuwa na pensheni ya mwezi mmoja na ushei.

"Toa kidogo," Winny alisema. "Tununue chakula, tulale kwa amani."

Perez alisimama mbele ya mashine, kidole kimeinuliwa. Nyuma yake watu wawili walikuwa wakingoja zamu. Aligeuka, akawatazama usoni mmoja mmoja, wanaume wasiomjua, waliokuwa na haraka zao.

"Mama, unaogopa nini sasa?"

"Kwamba atarudi kuzidai."

"Akirudi atatukuta wengi."

Perez alibonyeza elfu mbili. Mashine iliguruma, noti zikatoka, akazishika bila kuzihesabu. Nje Benta alikuwa akiwangoja kivulini, akiongea na yule mzee wa ngazini aliyekuwa amewafuata polepole hadi pale, bahasha kwapani, kuuliza kama Sista anaweza kumsomea.